Ndiyo, Sista

Mama yule alifika dirishani saa nne asubuhi, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki ameikunja mara nne na kuifunga kwenye pindo la khanga pamoja na noti ya shilingi mia tano. Mtoto alikuwa na miaka miwili na uzito wa kilo 12. Damu yake ilikuwa imekutwa na vijidudu vya malaria, na tabibu alikuwa ameandika dawa mseto: kidonge kimoja kwa kila dozi, dozi sita, siku tatu. Dozi ya kwanza nilimpa palepale, nikakiponda kidonge kwenye kijiko, nikakichanganya na maji, tukakaa kidogo tuone kama atatapika. Hakutapika.

"Hii ya pili utampa baada ya saa nane," nikamwambia. "Kuanzia kesho ni asubuhi na jioni mpaka ziishe. Ale kwanza, au anyonye. Umeelewa?"

"Ndiyo, sista."

"Asiache hata akipata nafuu. Umeelewa?"

"Ndiyo."

Ilikuwa mwaka 2009, mwaka wangu wa pili kazini, katika zahanati ya kijiji kimoja Usukumani. Tulikuwa wauguzi wawili na tabibu mmoja, kwa hiyo dirisha la dawa lilikuwa la yeyote aliyepata nafasi. Nilimwandikia kwenye bahasha kama tulivyofundishwa, 1x2, nikaita mwingine.

Kesho yake alirudi amekasirika. Dozi ya pili mtoto aliitapika yote, na tangu hapo hakumpa tena. Nikamuuliza alimpa saa ngapi. "Si ulisema baada ya saa nane? Nikamuuliza mwenye duka, akaniambia ni saa nane na dakika kumi. Ndipo nikampa."

Nilitaka kumgombeza. Mdomo ulishafunguka. Halafu nikayasikia maneno yangu mwenyewe kama yeye alivyoyasikia, nikaufunga. Mimi nilimaanisha muda wa kungoja: kutoka saa nne asubuhi ahesabu saa nane, yaani ampe saa kumi na mbili jioni. Yeye alisikia saa ya ukutani: saa nane mchana ikishapita, ampe. Kwa Kiswahili sanifu sote tulikuwa sahihi. Mtoto akala dozi ya pili saa nne tu baada ya ya kwanza, tumbo likiwa halina kitu.

Hapa nina neno na mwalimu wangu wa Kiswahili wa sekondari, kule Tanga. Alitukata alama kila tulipoandika "masaa". Saa ni saa, alisema, haina wingi wa "ma". Mwalimu, shikamoo, lakini pale dirishani kosa lile ni dawa. Ukisema "masaa nane" hakuna anayedhani ni saa nane mchana. Nimelitumia tangu siku ile na sitaki msamaha.

Hata hivyo "masaa" peke yake haikutosha, maana nyumba nyingi kijijini hazikuwa na saa ya kuhesabia. Nikaanza kuuliza jioni yao inakwendaje. Ng'ombe wanarudi zizini wakati gani, ugali unaiva wakati gani, mtoto analala lini. Yule wa saa nne asubuhi nilikuwa namwambia: ng'ombe wakishaingia zizini, mpe. Aliyekuja saa nane mchana masaa yake nane yanaishia saa nne usiku. Huyo namwambia asilale kabla hajampa, au amwamshe mtoto. Inachukua dakika mbili zaidi kwa kila mgonjwa. Zahanati yenye foleni ya watu 60, dakika mbili si kidogo, na ninajua muuguzi anayesoma hapa ameshapiga hesabu.

Kile kilichonisumbua zaidi lakini hakikuwa saa. Ni ile "ndiyo". Alinijibu mara mbili kwamba ameelewa, na hakuwa mwongo.

Mwenzangu pale zahanati alikuwa mkunga wa miaka mingi, amebakiza miwili astaafu. Kijiji kizima kilimwita Bibi. Nilipomsimulia alicheka mpaka akafuta macho. "Wewe unamuuliza mtu mzima kama ameelewa," akasema. "Ni sawa na kumuuliza kama ana akili. Ulitaka akujibu hana?"

Yeye alikuwa na njia yake. Akishamaliza kueleza anafunga bahasha, anaishika bado mkononi mwake, halafu anauliza kama mtu anayepiga soga: "Sasa ukifika nyumbani mama mkwe akikuuliza hii dawa inanywewaje, utamwambiaje?" Hapo mama anaeleza. Akieleza vibaya, hajafeli yeye, ni mazungumzo tu na mama mkwe ambaye hata hayupo. Bibi anamrekebisha, wanacheka, bahasha inatoka. Na kwa kweli mama mkwe huwa anauliza! Kwenye nyumba nyingi ndiye mwenye uamuzi kama mtoto ataendelea na vidonge au atapelekwa kwa mganga wa kienyeji akaoshwe degedege. Kumwandaa mama kwa maswali yale kulikuwa nusu ya tiba.

Mimi nilipojaribu mara ya kwanza niliharibu. "Haya, rudia nilichosema," nikamwambia binti mmoja mjamzito niliyempa vidonge vya kuongeza damu, na akasimama wima mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Akasahau yote, hata jina la kijiji chake. Ilinichukua miezi kupata sauti ya Bibi. Nikaja kutulia kwenye maneno haya: "Mimi huwa naeleza haraka haraka, hebu nisikie kama nimeeleza vizuri." Kosa nikalibeba mimi. Miaka baadaye niliporudi chuoni kusomea stashahada nikakuta somo hilohilo kitabuni, lina jina na lina michoro, limetoka Ulaya na Marekani. Bibi alikuwa ameshafariki. Sikumwambia mkufunzi kitu.

Chuoni hukohuko ndiko niliposoma kuhusu watafiti wa Marekani walioketi na kinasa sauti kwenye vyumba vya madaktari. Matokeo yao yalitoka mwaka 1984: kwa wastani daktari alimkatisha mgonjwa sekunde 18 tu baada ya kuanza kueleza tatizo lake. Darasa likacheka, tukawacheka Wamarekani. Niliporudi kazini nikajipima kwa saa ya ukutani. Sitaandika nilipata ngapi.

Nilihamishiwa hospitali ya wilaya. Huko lugha ilikuwa na mikunjo mingine. Mtoto wa Tanga nimekua na salamu ndefu, mpaka uulize hali ya kuku, nikidhani Kiswahili ni mali ya kila mtu. Wazee wengi wa vijijini kule wanasikia Kiswahili, lakini maumivu yao yako kwenye Kisukuma. Nilijua "mwangaluka" na "mhola", basi, yaani nilijua kuanza mazungumzo ambayo siwezi kuyaendeleza. Bibi kizee mmoja aliletwa na mjukuu wake wa kiume, kijana wa miaka 20 hivi. Kila nililouliza, kijana alitafsiri, bibi alijibu neno moja, kijana akasema, "Anasema tumbo." Siku mbili tumbo. Tumepima choo, tumepima mkojo, hamna kitu.

Siku ya tatu dada wa usafi alikuwa anapiga deki chini ya kitanda kile. Mjukuu ametoka kwenda kununua chai. Nikasikia wanaongea, bibi maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia, mpaka dada yule akaegemeza fagio ukutani. Kumbe bibi alikuwa anatokwa damu ukeni, yeye aliyekoma hedhi miaka mingi iliyopita, na hakuna namna duniani angeyasema hayo kwa mdomo wa mjukuu wake. Tumbo ndilo neno lililoruhusiwa mbele ya kijana. Akapewa rufaa kwenda Bugando, akaondoka wiki ile ile.

Tangu hapo simwachi ndugu atafsiri kabla sijajua ni ndugu gani. Na yule dada wa usafi, ambaye hakuna orodha ya watoa huduma yenye jina lake, nilimwomba metroni amtambue rasmi kwa kazi hiyo. Metroni alikubali kwa mdomo. Kwenye mshahara hakuna kilichobadilika, nami nalitaja hapa kwa sababu bado linanikera.

Hata Kiswahili chenyewe kina mitego. Mzee mmoja aliambiwa na kijana wa maabara kwamba majibu yake ni chanya, akashukuru Mungu, akampa mkono. Redio inamwambia kila siku awe na mtazamo chanya, angejuaje kwamba maabara chanya ni kuwa na ugonjwa? Sisi sasa tunasema vijidudu vimeonekana, au havikuonekana, tunaishia hapo.

Mpaka hapa nimekuwa nikisimulia "ndiyo" za wagonjwa. Yangu mwenyewe ndiyo iliyonichukua muda kuitambua.

Wodi ya watoto, zamu ya usiku. Mama mmoja mwenye mtoto wa miezi mitano aliniamsha kwenye kiti alfajiri akaniambia mtoto hanyonyi vizuri tangu usiku wa manane, analishika ziwa halafu analiacha. Nikamtazama mtoto, hana homa, nikamwambia amjaribu tena. Nikaandika kwenye faili mstari mmoja, mwandiko wa mtu aliyechoka. Asubuhi raundi ikaja, daktari mbele, sisi nyuma kama harusi. Daktari yule alikuwa mzuri wa kazi na mkali wa maneno, wiki iliyotangulia alikuwa amemwambia muuguzi mwenzangu mbele ya wagonjwa, "Wewe ndiye daktari au mimi?" Akafika kitanda kile, akasoma karatasi ya homa, homa imeshuka siku mbili. "Huyu aruhusiwe."

Mama akanitazama. Hakumtazama daktari, alinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeambiwa.

Mtoto kushindwa kunyonya ni dalili ya hatari. Hakuna muuguzi asiyejua, imebandikwa ukutani kwenye chati yenye picha. Nilijua. Mdomo wangu ukasema, "Sawa, dokta."

Alirudishwa baada ya siku mbili akiwa amelegea, anapumua kwa kuvuta mbavu. Alipona, alikaa wodini siku tisa na akapona, nami kila nikimpita nilikuwa naamkia upande mwingine. Mama yake hakunilaumu hata mara moja, na nadhani alifikiri daktari alijua na akaamua hivyo. Lakini daktari hakujua. Mtu pekee aliyejua mambo yote mawili, kwamba mtoto hanyonyi na kwamba anaruhusiwa, alikuwa mimi, na niliona heri mtoto aondoke kuliko mimi kuulizwa nani ni daktari.

Watu wanapozungumzia mawasiliano hospitalini wanafikiria tabasamu. Nimehudhuria semina tatu za huduma kwa mteja, na zote tatu tulifundishwa kutabasamu, kusimama na kusema karibu. Sina ubaya na karibu. Wananchi wanalalamikia lugha zetu na wana haki: majibu ya mkato yapo, kumfokea mama aliye kwenye uchungu kupo, nimeyaona na mengine nimeyafanya. Lakini siku ile wodini nilikuwa na adabu kupita kiasi. Adabu ndiyo iliyoniziba mdomo.

Nilimfuata daktari yule baadaye, si kwa ushujaa, ni kwamba nilikuwa silali. Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, akasema, "Ungeniambia." Nikamjibu, "Ningeanzaje, dokta?" Akaliona swali. Raundi iliyofuata alifika kitanda cha kwanza, akaweka faili chini na kuuliza, "Muuguzi wa usiku ameona nini?" kabla hajasema chochote yeye. Swali lenyewe fupi, lakini alikuwa anauliza kila kitanda, kila siku, mpaka alipohamishwa. Aliyekuja baada yake hakuliuliza, nasi tukarudi nyuma ya harusi. Mambo yanayotegemea moyo wa mtu mmoja huondoka na gari la mizigo yake.

Kukabidhiana zamu ni pahala pengine penye mashimo. Nikiwa wodi ya wazazi tuliletewa mama kutoka kituo cha afya, mimba ya miezi minane, presha 170 kwa 110, alishapata kifafa cha mimba mara moja njiani. Aliyemsindikiza kwenye gari alinipa barua na kuniambia, "Ameshapewa dawa." Ilikuwa saa moja jioni, saa ya kubadilishana zamu. Nikampokea, nikampandisha kitandani, nikamwambia mwenzangu anayeingia, "Ameshapewa," nikaenda nyumbani.

Ameshapewa nini? Mimi nilielewa magnesiamu, ile dozi ya kuanzia, gramu 14 kwa jumla, sehemu mshipani na sehemu kwenye matako yote mawili, inayozuia kifafa kisirudi. Mwenzangu akaelewa hivyohivyo. Kumbe aliyemleta alimaanisha dawa ya kushusha presha. Kituoni magnesiamu ilikuwa imekwisha. Barua ilieleza, mstari wa nne. Hakuna aliyeusoma, kwa sababu tulishaambiwa. Baada ya saa moja na nusu mama akapata kifafa tena, akajing'ata ulimi. Alipewa dawa, akafanyiwa upasuaji usiku ule, akapona yeye na mtoto, mtoto mdogo wa kilo moja na nusu kasoro.

Kiswahili kina raha ya kitenzi cha kutendwa: amepewa, imefanyika, ameambiwa. Mtenda hatajwi, mara nyingi hata kitu chenyewe hakitajwi. Kwenye mazungumzo ya barazani ni ustaarabu, humsemi mtu. Kwenye kukabidhi mgonjwa ni shimo. Tulikubaliana pale wodini, bila waraka wowote wa wizara, kwamba neno "ameshapewa" haliruhusiwi peke yake. Useme nani kampa, kampa nini, kiasi gani, saa ngapi, na anayepokea arudie kwa sauti. Wageni hutuona tunarudiarudia maneno kama watoto wa madrasa. Baadaye nikajifunza kwamba mpangilio wa taarifa unaofundishwa kwa wauguzi sehemu nyingi duniani, wa kuanza na hali ya sasa, kisha ilikotoka, kisha unavyoiona wewe, kisha unachoomba kifanyike, ulitoka kwa wanamaji wa Marekani kwenye nyambizi. Ndani ya chombo cha chuma chini ya bahari hakuna nafasi ya "ameshapewa".

Hiki cha "unachoomba kifanyike" ndicho kigumu kwetu. Muuguzi kumwambia daktari kwa simu usiku, "Naomba uje sasa hivi umwone," badala ya "Mgonjwa wako hali yake si nzuri sana, dokta." Ya pili ina heshima yote na haimwondoi mtu kitandani.

Kuna jambo huwa nawaambia wanafunzi wa mazoezi, maana wanadhani haya ni mambo ya nchi tajiri. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kuhakiki usalama wa upasuaji mwaka 2008, vipengele 19 tu kwenye karatasi moja, ilijaribiwa hospitali nane, katika miji minane duniani. Kulikuwa na London, Seattle, Toronto, New Delhi. Na kulikuwa na Ifakara, Hospitali ya St. Francis, huku kwetu Morogoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7, ukizijumlisha hospitali zote nane. Karatasi ile haina mashine wala dawa mpya. Sehemu yake moja inataka kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi. Wanafunzi hucheka hapo: jina, kila mtu si anajulikana? Nawauliza jina la yule kijana anayesukuma kitanda kwenda chumba cha upasuaji. Wananyamaza.

Mtu aliyetaja jina lake mara moja, ni rahisi kwake kufungua mdomo mara ya pili na kusema, "Samahani, huu si mguu wenyewe."

Kuhusu sanduku la maoni sina mengi. Letu lilipigiliwa jirani na mapokezi, limeandikwa vizuri, na siku tuliyoambiwa wakaguzi wanakuja tulitafuta ufunguo kutwa nzima. Tulipolivunja lilikuwa na karatasi tatu na nyumba ya buibui. Karatasi moja ilisema: choo cha wanawake hakina mlango tangu Pasaka. Haikusema Pasaka ipi.

Sasa nije kwa mama yangu.

Mama ana sukari, mwaka huo ilikuwa imeshafika miaka 11. Nilichukua likizo nikaenda Tanga, nikakuta amelazwa, sukari imepanda, kidonda kidogo mguuni. Sikujitambulisha kuwa ni muuguzi. Nilitaka niwe mtoto tu. Asubuhi raundi ikaja, daktari kijana na wanafunzi sita, wakasimama kuzunguka kitanda wakaongea Kiingereza dakika kumi juu ya mama, mkono wa daktari ukionyesha mguu, halafu tumbo, halafu mguu. Mama anawatazama midomo, mmoja mmoja, kama anayetazama mpira. Wakaondoka. "Wamesema nitakatwa?" akaniuliza. Hawakusema hivyo. Walikuwa wanasema kidonda kinaendelea vizuri. Habari njema ilipita juu ya kichwa chake kama ndege, na usiku wote uliotangulia alikuwa hajalala akiuwaza mguu.

Siku ya kuruhusiwa daktari yuleyule alitueleza dawa. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili, kwa upole: hii asubuhi na jioni na chakula, na hii asubuhi kabla ya chai. Nje pana watu wengi. "Mmeelewa?"

"Ndiyo, dokta," nikasema. Ilitoka yenyewe.

Tukakaa kwenye benchi nje ya geti kungoja bajaji. Mama ameshika mfuko wa dawa mapajani. Mazoea tu yakanifanya niulize: "Shangazi akikuuliza dawa hizi unakunywaje, utamwambiaje?"

Akazitoa moja moja, akazitaja sawasawa, hii na chai, hii na chakula cha jioni. "Mpaka Jumanne," akamalizia.

"Jumanne kuna nini?"

"Mfungo, mwanangu. Chai ya asubuhi nitaitoa wapi? Nitazimeza zote magharibi, za asubuhi na za jioni."

Nilihisi baridi. Dawa ile ya kabla ya chai ni ya kushusha sukari, na ukiiongeza dozi kwa mpigo, au ukaimeza halafu ukakaa na njaa, sukari inaweza kushuka mpaka mtu akazimia. "Ulimwambia daktari kwamba utafunga?"

"Hakuniuliza. Nikimwambia mwenyewe ataniona mkaidi." Akaanza kurudisha dawa mfukoni, polepole. "Na wewe ulikuwepo pale, ukamjibu ndiyo."

Bajaji ikafika, nikaiambia isubiri au iende, sikumbuki. Tulirudi ndani, mama akichechemea, tukaipita foleni huku watu wakitusonya. Daktari alikuwa ameshika faili la mgonjwa mwingine. Nikamwambia, "Samahani dokta, tulisema tumeelewa."

Akatazama saa ya ukutani, akatazama mlango.

"Mwanangu," mama akamwambia, "mimi nitafunga."

Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Akavuta kiti cha plastiki, akakaa, macho yake yakawa sawa na ya mama.

"Haya, bibi," akasema. "Daku huwa unakula nini?"